Kuchagua godoro jepesi la kulalia linalozuia baridi ya ardhi: mwongozo kwa msafiri wa miguu

Msafiri wa miguu anayelala hemani hupoteza joto kwa pande mbili: kwa hewa iliyo juu yake na kwa ardhi iliyo chini yake. Wengi hujihami vizuri dhidi ya hewa kwa kutafuta begi la kulalia lililo bora, kisha ardhi wakaiachia bahati. Hata begi lililojaa manyoya laini ya bata halimkingi mtu upande wa chini, kwa kuwa kinachohifadhi joto si manyoya yenyewe bali hewa iliyotulia katikati yake, na mtu anapoyalalia, uzito wa mwili huikamua hewa hiyo yote ikatoka. Kinachobaki kati ya mgongo na ardhi ni vitambaa viwili vyembamba na manyoya yaliyobanwa kama karatasi. Kuziba pengo hilo ni kazi ya godoro.

Somo hili nililipata kwa nyonga zangu mwenyewe. Usiku mmoja wa anga tupu, nikiwa ndani ya begi lililoandikwa kuwa linafaa hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, niliamka saa tisa usiku nyonga ya kulia ikiwa imekufa ganzi kwa baridi, ilhali kifua na miguu vilikuwa na joto la kutosha. Nikageukia kushoto, na baada ya robo saa nyonga ya kushoto nayo ikaanza. Kipimajoto kilichoning'inia hemani kilisoma nyuzi 4 juu ya sifuri. Godoro langu lilikuwa na unene wa sentimita 6, lilikuwa jepesi kuliko yote niliyoyaona siku ile nilipolichagua, na ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa upepo.

Tangu hapo nimefuata mpangilio ninaoueleza hapa: ardhi kwanza, mwili wa mlalaji pili, uzito mwisho. Uzito ni mwamuzi mzuri kati ya magodoro ambayo tayari yamekidhi haja, lakini ukitangulizwa hupotosha. Nyuzi zote zilizotajwa katika mwongozo huu ni za Selsiasi.

Hatua ya 1: Tambua usiku wa baridi kuliko wote

Godoro halichaguliwi kwa wastani wa safari, huchaguliwa kwa usiku wake mbaya kuliko wote. Chukua ramani ya njia utakayopita, tafuta kambi iliyo juu kuliko nyingine, kisha kadiria joto la hapo alfajiri, saa ambayo baridi huwa imefikia kilele chake. Utabiri wa hali ya hewa aghalabu hutolewa kwa mji ulio bondeni, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo, ikiwa mji ulio mita 1,200 juu ya usawa wa bahari umetabiriwa nyuzi 14 usiku, anayepiga kambi mita 3,200 atarajie nyuzi 1 hivi. Wala usidhani kwamba kambi ya chini ndiyo salama siku zote: hewa baridi ni nzito, na usiku usio na upepo huteremka ikatuama mabondeni, kiasi kwamba kando ya kijito huweza kuwa na baridi kuliko kilima kidogo kilicho juu yake.

Aina ya ardhi nayo ina neno lake. Udongo mkavu uliofunikwa na majani makavu hunyonya joto polepole. Udongo uliolowa hunyonya haraka zaidi, kwa sababu maji yamechukua nafasi ya hewa kati ya chembe zake, na mwamba mtupu hauna huruma hata ukiwa mkavu. Theluji haipandi kamwe juu ya nyuzi 0, hata hewa iliyo juu yake iwe ya wastani.

Ukishapata makadirio hayo, yalinganishe na kipimo cha R, ambacho nitakifafanua katika hatua inayofuata. Kwa usiku usioshuka chini ya nyuzi 10, R ya 1 hadi 2 humtosha mtu mzima mwenye afya. Kati ya nyuzi 10 na 0, tafuta R ya 3 hadi 4. Kati ya 0 na 10 chini ya sifuri, R ya 4 hadi 6. Kwa kambi ya juu ya theluji au baridi kali zaidi ya hapo, anzia R ya 6 kwenda juu. Hii si sheria iliyoandikwa, ni mipaka ya kuanzia. Anayejijua kuwa ni mwepesi wa kusikia baridi, ambaye ni mwembamba, ambaye umri umesogea, au atakayelala akiwa amechoka na hajashiba, aongeze 1 bila kubishana na nafsi yake.

Hatua ya 2: Soma kipimo cha R na ujue kinasema nini

R ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia joto lisipite. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo joto la mwili linavyochelewa kufika ardhini. Kwa miaka mingi kila mtengenezaji alipima kwa njia aliyoipenda, kwa hiyo namba za makampuni mawili hazikuweza kulinganishwa. Mwaka 2018 ulitolewa utaratibu mmoja wa upimaji unaojulikana kama ASTM F3340, na watengenezaji wakubwa wameufuata. Godoro huwekwa kati ya mabamba mawili, la juu likiwa na nyuzi 35, karibu na joto la ngozi, na la chini nyuzi 5, mfano wa ardhi baridi, kisha hupimwa nguvu inayohitajika ili bamba la juu lisipoe. Godoro linalohitaji nguvu kidogo ndilo lenye R kubwa.

Ili namba hizi zisibaki hewani, fanya hesabu moja ya makadirio. R ya 1 kwenye lebo ni sawa na 0.176 kwa vipimo vya kimataifa vya mita za mraba, nyuzi na wati. Chukulia kwamba sehemu ya mwili inayogusa godoro ni mita za mraba 0.4, na tofauti ya joto kati ya ngozi na ardhi ni nyuzi 30. Kwenye godoro la R 1, ardhi itavuta wati 68 hivi. Kwenye R 3 itavuta wati 23, kwenye R 5 wati 14, na kwenye R 7 wati 10. Sasa kumbuka kwamba mwili wa mtu mzima aliyelala huzalisha joto la wati 70 hadi 80 tu. Godoro la R 1 katika ubaridi huo lingeipa ardhi karibu joto lote unalolizalisha, na mwili ungelazimika kutetemeka ili kujazia.

Hesabu hiyo ina somo la pili ambalo wauzaji hawalisemi. Kutoka R 1 hadi R 3 unaokoa wati 45. Kutoka 3 hadi 5 unaokoa 9, na kutoka 5 hadi 7 unaokoa 4 tu. Faida kubwa iko mwanzoni. Asiyelala kwenye theluji hana sababu ya kubeba R ya 7 kwa kuwa eti namba ni kubwa, na anayelala kwenye R 1 hapaswi kujidanganya kwamba soksi za ziada zitamwokoa.

Jambo jingine la manufaa ni kwamba vipimo vya R hujumlishwa. Godoro la sponji lenye R 2 likiwekwa chini ya godoro la upepo lenye R 3, mlalaji hupata R 5. Kwa hiyo mtu anayesafiri mara nyingi katika majira ya joto na mara moja moja katika baridi hahitaji magodoro mawili kamili. Anahitaji moja la wastani na sponji moja nyembamba ya kuongezea.

Ukikuta lebo isiyotaja R, ikadai tu kwamba godoro linafaa hadi nyuzi kadhaa chini ya sifuri, ichukulie kama maoni ya muuzaji. Ikitaja R bila kutaja utaratibu wa upimaji, uliza.

Hatua ya 3: Chagua aina

Kuna aina tatu, nazo hutofautiana kwa jinsi zinavyoizuia hewa isitembee.

Ya kwanza ni sponji ngumu ambayo vitundu vyake vimefungika, kila kitundu na hewa yake, kiasi kwamba hainyonyi maji na haipati pancha. Hukunjwa kama akodiani au kuviringishwa, hufungwa nje ya shanta, na ukifika kambini huitandaza kwa sekunde 5. Unene wake ni sentimita 1 hadi 2, na R yake mara nyingi haizidi 2 kwa kiasi kikubwa. Mfano unaojulikana sana ni Z Lite Sol ya Therm-a-Rest, yenye R ya 2 na uzito wa gramu 410 hivi. Ubaya wake ni ukubwa inapobebwa na ugumu wake kwa anayelala ubavu. Sponji pia hubonyea kwa umri: baada ya usiku mwingi wa kulaliwa, sehemu ya nyonga huwa nyembamba kuliko miguuni, na kinga hupungua palepale inapohitajika zaidi. Hata hivyo, ni aina pekee ambayo haiwezi kukuangusha ghafla usiku wa manane, na kwa sababu hiyo naiheshimu kuliko inavyoonekana kustahili.

Ya pili ni godoro linalojijaza lenyewe. Ndani yake mna sponji laini yenye vitundu vilivyo wazi, iliyogandishwa kwenye kitambaa pande zote. Ukifungua vali, sponji hujitanua na kuvuta hewa, nawe hupuliza mara chache kumalizia. Ubunifu huu ulianzishwa na kampuni ya Cascade Designs, iliyoundwa mwaka 1972 mjini Seattle, Marekani. Ni godoro tulivu, lisiloyumba, na lenye kinga nzuri, lakini likiwa na unene wa kutosha uzito wake huanzia nusu kilo na kupita kwa urahisi kilo moja. Kwa anayelala karibu na gari ni raha tupu. Kwa anayebeba kila kitu mgongoni limepitwa na wakati, isipokuwa kwa mtu ambaye hawezi kabisa kulala juu ya upepo.

Ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha mwongozo huu, ni godoro la upepo lenye kinga ndani. Hapa inafaa kueleza kwa nini lile langu la kwanza lilinisaliti. Hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto, lakini hewa iliyo katika chumba kikubwa haitulii. Inayogusa kitambaa cha chini hupoa, na kila mlalaji anapojigeuza husukumwa na kuchanganyika na ile ya juu. Papo hapo mwili hurusha joto kama mnururisho, mfano wa joto la jiko unalolisikia usoni bila kuligusa, na mnururisho huo hupita ndani ya hewa bila kizuizi. Ndiyo maana godoro tupu la upepo, hata liwe nene, huwa na R inayozungukia 1.

Watengenezaji huizuia hali hiyo kwa njia tatu. Baadhi huweka ndani tabaka za utando mwembamba unaong'aa, ambao hurudisha mnururisho kwa mlalaji na pia hugawa hewa katika vyumba vidogo. Njia hii hutoa kinga kubwa kwa uzito mdogo: NeoAir XTherm ya Therm-a-Rest hupata R ya zaidi ya 7 kwa uzito usiofika nusu kilo. Gharama yake ni kelele, kwani baadhi ya magodoro hayo hukwaruza kama mfuko wa karatasi kila unapojigeuza, ingawa matoleo ya karibuni yametulizwa sana. Wengine hutandika ndani nyuzi za sintetiki zinazofanana na pamba. Hizo hazina kelele, lakini kwa kinga ileile godoro huwa zito kidogo. Wengine hujaza manyoya ya bata, ambayo ni ya joto sana, lakini yakipata unyevu huganda mabonge na kupoteza kazi yake, kwa hiyo godoro la namna hiyo halipulizwi kwa mdomo hata siku moja.

Kwa maoni yangu, anayetaka godoro moja tu la kutumia mwaka mzima nje ya theluji achague la upepo lenye R ya 4 hadi 5, na chini yake atandike sponji nyembamba ya milimita 3. Sponji hiyo ina uzito mdogo, huongeza kinga kidogo, hulinda godoro dhidi ya miiba, na mchana hukaliwa.

Hatua ya 4: Jipime sakafuni

Kipimo cha kawaida ni urefu wa sentimita 183 na upana wa sentimita 51. Namba hizo hazina maana mpaka uzilalie. Chukua kamba au utepe wa gundi, chora mstatili wa ukubwa huo sakafuni, ulale ndani yake kama unavyolala kwako, kisha umwombe mtu atazame. Mtu mwenye mabega mapana akilala chali ndani ya sentimita 51 hukuta viwiko vyote viwili viko nje, vimegusa sakafu. Ikiwa hali yako ni hiyo, tafuta upana wa sentimita 64, hata kama utaongeza gramu 100 au zaidi, kwani kiwiko kinachogusa ardhi usiku kucha huamsha kuliko godoro dogo linavyopunguza mzigo.

Kuhusu urefu unaweza kubana. Magodoro mafupi ya sentimita 120 hivi hukinga kuanzia mabegani hadi magotini, na miguu huwekwa juu ya shanta lililomwagwa vitu. Mbinu hiyo hufaa katika majira ya joto. Katika baridi kali, visigino vilivyo juu ya shanta hupoa, na sioni faida yake.

Umbo linalokwenda likipungua kuelekea miguuni huokoa uzito, na humfaa anayelala chali bila kuhangaika. Anayelala kifudifudi miguu ikiwa imetanuka, au anayekunja magoti akilala ubavu, achague la mstatili.

Unene ni suala la nyonga. Anayelala chali hugawa uzito wake mahali pengi, na sentimita 2 za sponji zinaweza kumtosha. Anayelala ubavu huuweka uzito wote kwenye bega na nyonga, na chini ya sentimita 7 za upepo atagusa ardhi. Jaribu hivi: jaza godoro, lala ubavu, kisha pitisha kiganja kati ya godoro na sakafu chini ya nyonga yako na usikilizie. Ukihisi mfupa umekaribia kugusa, ongeza upepo. Ukihisi uko juu ya pipa na unataka kubiringika, punguza kidogo kidogo huku umelala, hadi nyonga izame na ibaki kama sentimita 2 kutoka sakafuni. Watu wengi hujaza kupita kiasi, kisha hulaumu godoro kwa ugumu wake.

Godoro nene lililo jembamba kwa upana huyumba kama mtumbwi. Lenye kingo zilizoinuka kuliko katikati humrudisha mlalaji ndani, na lenye vyumba vya hewa vilivyopangwa kama mto wa vifungo hutulia kuliko lenye mifereji mirefu.

Hatua ya 5: Sasa weka kwenye mizani

Kwa magodoro yaliyobaki baada ya hatua nne za kwanza, uzito ndio uamue. Tumia mizani ya jikoni, wala usitegemee lebo peke yake, kwa sababu lebo mara nyingi hutaja godoro tupu bila mfuko wake, bila mfuko wa kujazia upepo na bila viraka. Vitu hivyo vitatu vikijumlishwa vinaweza kukaribia gramu 100. Gawanya uzito wote kwa R ili uone unabeba gramu ngapi kwa kila kipimo kimoja cha kinga. Kwa hesabu hiyo sponji ya gramu 410 yenye R 2 hubeba gramu 205 kwa kila R, wakati godoro la upepo la gramu 450 lenye R 7 hubeba 64. Hesabu hii haioni pancha, kwa hiyo usiifanye hakimu wa mwisho, lakini hufichua haraka godoro linalojivunia wepesi wakati kilichopunguzwa ni kinga.

Kabla ya kuchagua godoro dhaifu ili kuokoa gramu 80, fikiria kwamba gramu 80 ni maji yasiyofika nusu glasi. Ukilala vibaya usiku mmoja, kesho yake utabeba uchovu ambao hakuna mizani inayoupima.

Hatua ya 6: Angalia kitambaa na vali

Unene wa uzi wa kitambaa hupimwa kwa denia, yaani uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Nailoni ya denia 20 ni nyembamba na huhitaji uangalizi. Ya 30 hadi 40 huvumilia zaidi. Magodoro mengine yana denia kubwa upande wa chini na ndogo upande wa juu, mpangilio ambao ni wa busara. Vali iwe bapa, yenye mdomo mpana, na inayozuia upepo usirudi wakati unajaza. Vali za zamani za kuzungushwa hufanya kazi, ila hupitisha upepo polepole na huchosha wakati wa kufungasha alfajiri vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Hatua ya 7: Lijaribu nyumbani kabla muda wa kulirudisha haujapita

Lijaze kwa mfuko wa kujazia, si kwa mdomo. Pumzi ya binadamu ina unyevu mwingi, unyevu huo hubaki ndani, na baada ya muda huota ukungu. Funga vali, weka godoro sakafuni, na uliache saa 24 likiwa na mzigo juu yake. Likiwa limelegea sana asubuhi wakati joto la chumba halijabadilika, linavuja.

Kipengele hicho cha joto la chumba si kidogo. Hewa husinyaa inapopoa. Godoro lililojazwa hewa ya nyuzi 15 jioni, kisha likashuka hadi 0 alfajiri, hupoteza takriban asilimia 5 ya ujazo wake bila tundu lolote. Lililojazwa kwa pumzi ya moto hupoteza zaidi, karibu asilimia 10. Nimewahi kutumia asubuhi nzima nikitafuta tundu ambalo halikuwapo. Jaza jioni, acha nusu saa lipoe, kisha ongeza upepo kabla ya kulala.

Likiwa bado limejaa, liinue dhidi ya taa. Vyumba vyote vya hewa viwe na ukubwa sawa. Chumba kimoja kikivimba kuliko jirani zake, ujue mshono wa ndani umeachia, na uvimbe huo utaendelea kukua kila usiku; hauna kiraka, na godoro lirudishwe. Maliza kwa kulilalia usiku mzima juu ya sakafu tupu, dirisha likiwa wazi na ukiwa ndani ya begi lako la kulalia, si chini ya blanketi. Kelele isiyokusumbua dukani inaweza kukukera saa nane usiku.

Hatua ya 8: Litunze njiani

Kabla ya kupiga hema, pitisha kiganja ardhini na uondoe miiba, vijiti na vijiwe. Ukiamka, lipunguze upepo usiliache juani likiwa limejaa, kwa sababu hewa ikipata moto hutanuka na huweza kufyatua gundi ya mishono ya ndani. Ukirudi nyumbani, lihifadhi likiwa limetandazwa na vali ikiwa wazi ili likauke. Linalojijaza lenyewe likihifadhiwa limeviringishwa, sponji yake husahau kutanuka.

Likipoteza upepo usiku, anza na vali, kwa kuwa chembe moja ya mchanga kwenye mdomo wake hutosha. Ifute, ifunge, paka mate au sabuni kidogo na utazame kama kunatokea mapovu. Vali ikiwa salama, jaza godoro kabisa, lowesha shavu lako na ulisogeze polepole juu ya kitambaa: ngozi iliyolowa huhisi upepo mwembamba ambao mkono hauuhisi. Mchana, lizamishe kwenye maji yaliyotulia, sehemu kwa sehemu, ukilibana. Weka alama kwa kalamu mara tu mapovu yanapoonekana, maana tundu la mwiba likikauka halionekani tena. Safisha kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke, bandika kiraka likiwa halina upepo, likandamize kwa kitako cha kikombe, na subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Kiraka kikikataa na baridi ikiwa imeshika, tandika sponji nyembamba chini ya kiwiliwili, kamba iliyokunjwa na nguo za akiba chini ya nyonga na mabega, koti la mvua juu ya hivyo vyote, na uitumbukize miguu, pamoja na begi la kulalia, ndani ya shanta tupu.